Neno la Mhariri: Lipi la Mungu, Lipi la Kwao?

Wamisionari wa Afrika walipofika Kageyi, kando ya ziwa letu, mwishoni mwa Desemba 1878, walikuwa wamevaa kanzu nyeupe, joho jeupe na rozari shingoni. Mwaka 1883 wakaweka misheni Bukumbi, kusini mwa hapa Nyegezi, wakiwa na mavazi yale yale. Waliowaona waliamini kwamba hivyo ndivyo wavaavyo watu wa Mungu. Kumbe yalikuwa mavazi ya Algeria. Lavigerie, aliyeanzisha shirika lao huko Algiers mwaka 1868, aliwaagiza wale, wavae na waseme kama watu wanaowaendea, na watu wa kwanza aliowakusudia walikuwa wa Afrika Kaskazini. Vazi lililochaguliwa ili padre asionekane mgeni ndilo lililomtambulisha Usukumani kuwa mgeni kupita wote.

Toleo hili linahusu jambo hilo. Padre, mchungaji, shehe au mwalimu yeyote wa roho hatufundishi akiwa mtupu. Anakuja na malezi ya kwao, ladha za kwao na hofu za kwao. Wapo wanaopokea vyote kwa pamoja, kwa kuwa kuchambua maneno ya mwalimu wanakuona ni utovu wa adabu. Wapo pia wanaokataa kila kinachowauma kwa kukiita uzungu au uarabu. Hawa wa pili wananitia wasiwasi zaidi siku hizi, maana asiyetaka kumsamehe ndugu yake naye atasema msamaha umeletwa na meli.

Kazi hii ya kuchambua si uasi, wala haikuanza na sisi. Kitabu cha Matendo ya Mitume, sura ya 15, kinaeleza jinsi mitume walivyokutana Yerusalemu na kuamua kwamba mtu wa mataifa hahitaji kutahiriwa ili awe Mkristo. Tohara ilikuwa ya baba zao, na Yesu mwenyewe alitahiriwa, lakini hawakuifanya mlango wa wokovu. Kikao hicho hicho kiliwakataza waamini kula damu na nyama ya mnyama aliyenyongwa. Leo makanisa mengi hayalishiki katazo hilo. Kwa hiyo hata waliokuwa wakichambua waliacha kitu cha kuchambuliwa na wajukuu wao. Mwaka 1659 Roma nayo iliwaonya wamisionari waliokuwa wakienda Asia wasipeleke huko Ufaransa, Hispania au Italia, bali imani. Onyo hilo lilisahaulika mara nyingi kuliko lilivyokumbukwa.

Kipimo ninachokitetea ni hiki: mpime mwalimu kwa lile ambalo yeye mwenyewe analitaja kuwa kiini cha mafundisho yake, kisha utazame agizo lake linamwangukia nani. Yesu alipoulizwa amri iliyo kuu alitaja mbili, kumpenda Mungu na kumpenda jirani, akasema torati yote na manabii vimetundikwa hapo. Agizo lisiloweza kutundikwa hapo lina mahali pengine lilikotoka.

Ukipita Kisesa, ingia Bujora uone kipimo hicho kikifanya kazi. Miaka ya 1950 Padre David Clement, Mkanada, aliipokea ngoma ambayo misheni nyingi zilikuwa zimeihesabu kuwa ya kishetani. Sikukuu ya Mwili na Damu ya Kristo ikawa Bulabo, na Bagika na Bagalu, makundi mawili yanayoshindana kwa ngoma tangu zamani, wakaja kucheza. Hakuna mstari wa Injili unaosema kinanda cha Ulaya kina utakatifu ambao ngozi ya ng'ombe iliyowambwa juu ya gogo haina. Waislamu wa pwani wanaijua hoja hiyo: Habib Saleh wa Lamu alipingwa na baadhi ya wakubwa wa mji kwa sababu ya matari katika Maulidi, na leo Maulidi ya Lamu yanavuta watu kutoka pwani nzima.

Ngoma ni mfano mwepesi. Ndoa ni mzito. Katika misheni nyingi mwanamume mwenye wake wawili au watatu alitakiwa abaki na mmoja ndipo abatizwe. Wazee walisema hiyo ni desturi ya Wazungu. Mimi nasema sivyo: kwamba mwanamke si mali ya kuongezwa zizini ni kweli Roma na ni kweli Misungwi. Lakini tazama lilimwangukia nani. Mume alipata ubatizo. Mke wa pili alirudi kwao, na pengine watoto wakabaki kwa sababu ng'ombe wa mahari walikwisha kutolewa. Mafundisho yaliyokusudiwa kumheshimu mwanamke yakatekelezwa kwa kumfukuza. Hapo wageni na wenyeji walishirikiana kukosea.

Na sasa zamu yetu. Kanda ya Ziwa imezika vikongwe waliouawa kwa tuhuma za uchawi, wengine kwa kosa la kuwa na macho mekundu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa kinyesi cha ng'ombe jikoni kwa miaka mingi. Imezika pia watu wenye ualbino. Wapo wahubiri, weusi kama sisi, wanaosimama madhabahuni na kumwambia mgonjwa kwamba ugonjwa wake umetumwa na jirani au na bibi yake. Wanaitwa watumishi, na neno lao linapokelewa kama ufunuo. Huo ni utamaduni wetu uliobeba Biblia, na tusiupe msamaha tuliomnyima yule aliyekataza ngoma.

Waandishi wa toleo hili hawakubaliani, na sikutafuta kuwapatanisha. Niliwaomba tu kwamba anayemwandika mwalimu aliye hai ampelekee makala kwanza aisome. Baadhi ya walimu walijibu kwa ukali, na majibu yao tumeyachapa karibu na makala husika, bila kupunguza neno.