Ukiona Vyaruka, Navyo Vimeundwa

Tangu setilaiti yetu Taifa-1 irushwe tarehe 15 Aprili 2023, mazungumzo ya anga hayatutoki kinywani. Barazani tunaulizana: je, Ngomeni itarusha tena maroketi? Wakuu nao wamekuwa wakizungumzia kituo kipya cha kurushia katika pwani yetu. Ni maneno mazuri, wala siyapingi. Lakini na mimi nina neno langu, na neno lenyewe limetokana na kichezeo cha mtoto.

Kwanza tukumbushane. Ile minara ya San Marco iliyosimama baharini mbele ya Ngomeni, kaskazini ya Malindi, haikuanza jana. Waitalia walirusha setilaiti ya kwanza kutoka hapo tarehe 26 Aprili 1967, na ya mwisho Machi 1988. Jumla yake zilikuwa tisa. Iliyopata sifa zaidi ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970, siku tuliyokuwa tukiadhimisha miaka saba ya uhuru, na kwa ajili hiyo ikaitwa Uhuru. Setilaiti hiyo iliorodhesha vyanzo 339 vya miale ya eksirei huko mbinguni. Bwana Riccardo Giacconi, aliyeongoza utafiti huo, alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2002.

Mimi nilikuwa mtoto wa miaka kumi. Nilisimama mchangani pamoja na wavuvi, tukaona uzi wa moshi ukipanda mbinguni. Tukapiga makofi, tukarudi nyumbani. Silaumu mtu, lakini elimu yangu ya roketi iliishia kwenye yale makofi.

Kisanduku cha Columbus

Miaka zaidi ya hamsini ikapita. Mwaka 2024 nilikwenda kumtembelea mpwa wangu anayeishi Columbus, katika jimbo la Ohio, Marekani. Mwanawe, mtoto wa miaka kumi na mmoja, akanijia na kisanduku. "Babu," akaniambia, "njoo tuunde roketi."

Ndani mlikuwa na bomba la karatasi ngumu, kibao chembamba cha mti wa balsa wa kukatia mapezi, pua ya plastiki, mwavuli wa kushukia, na uzi wa mpira. Injini huuzwa mbali. Ni kibomba cha karatasi kama kidole gumba, kimeshindiliwa baruti kiwandani, na ubavuni kimeandikwa A8-3. Mtoto ndiye aliyenisomesha. Herufi yaeleza jumla ya nguvu, na kila herufi inayofuata ni maradufu ya iliyotangulia. Nambari ya kwanza ni wastani wa msukumo, na ya pili ni sekunde za kungojea baada ya baruti kwisha. Zikishapita hizo, kuna mlipuko mdogo unaosukuma pua na kuutoa mwavuli.

Vichezeo hivi vina historia ya kutupa mazingatio. Mwenye duka la viatu mmoja wa Nebraska, Orville Carlisle, ndiye aliyetengeneza vya kwanza mwaka 1954. Mwaka 1957, mwaka ambao Warusi walirusha Sputnik, G. Harry Stine akavitangaza kwa watu wote. Wakati huo watoto wa Marekani walikuwa wakijichanganyia baruti wenyewe nyumbani, wengine wakapoteza vidole na macho. Wazee wale hawakutosheka na kukemea tu. Waliwapa watoto njia ya salama: baruti iliyofungwa kiwandani, waya wa umeme wa kuwashia kwa mbali, na kanuni za kufuata. Mwaka 1958 Vern Estes wa Colorado akaanzisha biashara ya injini hizo, akaunda mtambo wa kuzishindilia.

Kosa langu

Tukapiga msasa, tukatia gundi. Mtoto akataka roketi yake isifanane na za wenziwe. Hapo ndipo nilipoingiza mkono wangu. Nikamwambia, "Mjukuu wangu, sisi ni watu wa jahazi. Tuitie matanga." Tukakata mapezi mawili ya pembetatu mfano wa tanga, tukayagandisha karibu na pua. Kisha akaipaka rangi na kuichora jicho, kama majahazi yetu yanavyochorwa omoni.

Jumamosi tukaenda kwenye uwanja wa klabu yao, kando ya mashamba ya mahindi. Roketi ikapachikwa kwenye ufito wa chuma, nasi tukasimama mbali kuliko zile futi 15 zilizoamriwa. Mtoto akahesabu kutoka tano, akabonyeza. Fuu! Ikapanda kimo cha mnazi, kisha ikageuka, ikapinduka, ikapinduka tena, ikaanguka majanini kama ndege aliyepigwa manati. Pezi moja likavunjika. Mtoto hakulia. Alinitazama tu, na kutazamwa kule kuliniuma zaidi.

Mpwa wangu, ambaye siku zile tulipokuwa tukiunda alikuwa kazini, akaiokota na kuniuliza kwa upole, "Mjomba, mliipima kwa uzi?" Hatukuipima. Maelezo ya kisanduku yalikuwa ya roketi isiyobadilishwa, na mwenye kuibadilisha sharti aipime upya.

Sababu yake ni hii. Roketi ina mahali uzito wake unapolingana, na ina mahali upepo unapoielemea. Pale pa uzito lazima pawe mbele, karibu na pua, na pale pa upepo pawe nyuma. Ndiyo maana mapezi hutiwa mkiani. Matanga yangu yalivuta pa upepo mbele, na chombo kikakosa mwelekeo.

Niliposikia hayo nilicheka peke yangu. Mtoto wa pwani kusahau farumi! Hakuna nahodha wa kwetu angetweka jahazi tupu, bila mawe tumboni ya kulituliza. Tofauti ni kuwa farumi ya jahazi hukaa chini, na ya roketi hukaa puani. Tukaliganda pezi upya, tukashindilia udongo wa kufinyangia ndani ya pua. Tukatia injini ndani, tukaifunga roketi uzi pale uzito ulipolingana, mtoto akaizungusha hewani juu ya kichwa chake. Mara ya kwanza ilikwenda kombokombo. Tukaongeza udongo. Mara ya tatu ikaelekeza pua mbele, ikatulia.

Jumamosi iliyofuata ilipanda wima mpaka jicho lake lisionekane. Mwavuli ukafunguka, ikashuka polepole kwenye mahindi. Safari hii mtoto alikimbia, nami nikamfuata kwa mwendo wa kizee.

Tunachopaswa kudai

Sasa nauliza. Tunataka roketi zirudi Ngomeni, na sababu zipo. Tuko karibu na mstari wa ikweta, ambako dunia huzunguka kwa kasi ya kilomita 1,670 hivi kwa saa na kukisaidia chombo kinachoelekea mashariki. Na mashariki yetu ni bahari tupu. Serikali ilitia saini mkataba mpya na Italia mwaka 2016, na mwaka 2017 ikaanzisha Shirika la Anga la Kenya. Lakini mnara ukijengwa na mtoto wa Ngomeni akabaki mchangani akipiga makofi kama mimi wa 1970, tutakuwa tumepata nini?

Tukikaa mezani na wageni, tusitaje kodi na vibarua peke yake. Tudai na klabu za shule, mwalimu aliyefunzwa, uwanja uliopimwa, na injini zinazoingizwa kwa idhini ya sheria chini ya mikono ya watu wazima. Baruti ya kujichanganyia nyumbani hapana, hata kidogo. Huku tukingoja, chupa ya plastiki, maji na pampu ya baiskeli vyatosha kuanzia, mradi mkubwa awepo. Farumi yake ni ile ile.

Nilirudi na kisanduku kimoja. Injini sikuzibeba, maana baruti haipandi ndege ya abiria. Jirani yangu ana kijana wa darasa la saba. Ameiunda roketi ile, ameipima kwa uzi, imetulia. Kila akirudi kutoka chuoni hupita barazani kwangu na swali moja: "Babu, moto wake waja lini?"

Mimi sina jibu la kumpa. Wenye kukaa kwenye meza za mikataba na wamjibu.