Kibodi Yako Haijafa

Fundi akikwambia kibodi yako imekufa kabla hajaichomeka kwenye kompyuta nyingine, usifungue pochi. Nayasema haya nikiwa na kibodi mpya za kuuza kabatini, hapa Morogoro, kwa hiyo nikiharibu biashara naanza na yangu. Tangu Microsoft ilipoacha kuihudumia Windows 10, tarehe 14 Oktoba 2025, wengi wanaleta kompyuta zao zipigwe Windows upya, na malalamiko ninayoyasikia yanafanana. Kazi ilianza vizuri, skrini ya kuchagua lugha ikatokea, kibodi ikagoma. Mausi nayo ikagoma. Mteja akauziwa kibodi nyingine, ikagoma vilevile. Hapo ndipo alipoambiwa mazabodi ni mbovu.

Jamani, kibodi na mausi zife dakika ileile, kwenye skrini ileile, na huku dakika mbili nyuma mtu alibonyeza F12 akachagua flashi bila shida?

Kompyuta inapowaka, anayeisikiliza kibodi ni programu ndogo iliyomo kwenye mazabodi yenyewe, ile tunayoiita BIOS. Inajua USB kiasi cha kujitosheleza. Flashi ikianza kusomwa, mfumo unaofungwa unaiweka BIOS kando na kuyashika matundu ya USB wenyewe, kwa draiva zake. Ni kama walinzi wanaobadilishana zamu: wa usiku ameondoka na funguo zake, na wa asubuhi asipopewa za kwake mlango haufunguki, ingawa kitasa ni kizima. Ndiyo maana swali la kwanza la kumuuliza fundi ni hili: ndani ya BIOS kibodi inafanya kazi? Ikiwa inafanya, basi ni nzima, na kinachokosekana ni draiva.

Ninakoliona sana tatizo hili ni kwenye Windows 7. Mtaniuliza nani bado anaitaka. Fundi cherehani mmoja wa hapa mjini anaitaka, kwa sababu programu ya mashine yake ya kudarizi haikubali nyingine, na mashine hiyo ndiyo inayomlipia kodi ya fremu. Alikuja na kompyuta ya mtumba, nzuri tu, pamoja na kibodi mpya aliyouziwa kwingine na ushauri wa kubadili mazabodi.

Windows 7 ilitoka mwaka 2009 bila draiva ya USB 3.0 ndani yake. Kwa miaka kadhaa hilo halikusumbua sana, kwani kompyuta zilikuwa bado na kidhibiti cha zamani cha USB, kinachoitwa EHCI. Ukihamisha kibodi kutoka tundu la bluu, lile la USB 3.0, kwenda jeusi, lile la zamani, mambo yanaendelea. Mwaka 2015 Intel ikaleta kizazi cha Skylake, na kwenye chipu za mazabodi zake ikakiondoa kidhibiti hicho, ikabaki na kipya peke yake, xHCI. Tangu hapo, kwenye mashine hizo, bluu au nyeusi ni mamoja: Windows 7 haioni tundu hata moja.

Kinachoudhi zaidi ni ujumbe unaotokea. Unadai kuna draiva ya CD iliyokosekana, wakati hakuna CD popote. Ukweli ni kwamba mfumo umeshindwa kuiona flashi uliyotokea humo humo, kwa sababu ileile iliyoipoteza kibodi. Nimeona watu wakienda kununua deki ya CD kwa ajili ya sentensi hiyo.

Dawa yake ni kuingiza draiva za xHCI ndani ya flashi kabla ya kuanza, kwa programu ya DISM iliyomo ndani ya Windows. Mafaili ya kuingizia ni mawili, boot.wim na install.wim, na mafundi wengi huishia la kwanza. Basi kibodi inaamka, kazi inakwenda hadi mwisho, kompyuta inazima na kuwaka, inaomba jina la mtumiaji, na kibodi ni kimya tena. Mteja keshalipa, keshafika nyumbani.

Kibodi zinakufa kweli, sikatai. Soda, chai, panya waliotafuna waya. Lakini hilo linapimika bila kununua kitu. Bonyeza Caps Lock: kwa kawaida taa ile haiwashwi na kibodi, inawashwa na kompyuta baada ya kusikia umebonyeza. Ikiwaka na kuzima, wanasikilizana. Isipowaka, hamia matundu ya nyuma ya mashine, maana ya mbele huwa na nyaya zilizolegea, kisha ijaribu kwenye kompyuta nyingine. Ya Bluetooth iweke kando kabisa, mfumo ambao haujafungwa bado haujaunganishwa nayo.

Halafu kuna kibodi ya pini za duara, ile ya PS/2 ambayo IBM iliileta mwaka 1987 na ambayo ofisi nyingi zinaiuza kama chuma chakavu. Haipiti kwenye USB kabisa, kwa hiyo ugomvi wote huu haiujui. Ichomeke kompyuta ikiwa imezimwa. Ya kwangu haiuzwi. Na anayedhani ni mambo ya kale akumbuke kwamba sasisho la Windows 11 la tarehe ileile ya 14 Oktoba 2025 lilizizima kibodi na mausi za USB kwenye sehemu ya kuokolea mfumo, ingawa ndani ya Windows zilifanya kazi kama kawaida. Rekebisho la dharura lilitoka tarehe 20. Katika siku hizo, mwenye tundu la duara alikuwa na njia ya kupita.

Vyuo vyetu vinafundisha vijana kubonyeza Next hadi mwisho. Siku Next haibonyezeki, kijana hana hatua nyingine anayoijua, na mteja ndiye anayelipia pengo hilo, 15,000 kwa kibodi asiyoihitaji. Ningependa kila fundi aandike kwenye risiti alichopima: BIOS, kompyuta nyingine, tundu gani. Mimi nimeanza. Mpaka sasa wateja wanaisoma risiti, wanaliona neno BIOS na kuniuliza hiyo nayo ni shilingi ngapi.