Mwanagenzi Aandike, Ujuzi Usipotee Bila Habari

Kila mwaka wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Embu, Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru, Chuo Kikuu cha Kimethodisti cha Kenya na vyuo vya ufundi vilivyoko katika kaunti hizo hutawanyika kwenda kutafuta mafunzo ya nyanjani. Utawakuta hospitalini, katika ofisi za kaunti, gereji, viwanda vya kahawa na mashamba ya utafiti. Kila mmoja huwa amebeba barua ya chuo na daftari la kumbukumbu. Jioni huandika aliyoyatenda, msimamizi hutia sahihi, mhadhiri huja kumkagua na kumpa alama. Kisha daftari hilo hutiwa kabatini, na huo ndio mwisho wake.

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Ajabu ya wanagenzi wetu ni kuwa daftari wanalo, na mali yao ingali yapotea! Yapotea kwa sababu daftari lenyewe halifunguliwi na yeyote baada ya alama kutolewa. Ni maoni yangu kwamba umewadia wakati wa mwanagenzi kuyaandika anayojifunza mahali ambapo umma utayasoma, yaani katika blogu: ukurasa wake mwenyewe kwenye intaneti, wenye jina lake, tarehe na kazi yake.

Tusidhani kwamba hili ni jambo la anasa. Sote twajua jinsi ajira zinavyopatikana katika nchi hii. Nafasi moja ikitangazwa, barua humiminika kwa mamia, zote zikiwa na shahada ile ile na sifa zile zile. Mwajiri hushindwa kumpambanua huyu na yule, akaishia kumwita anayemjua, au aliyetajwa na mtu anayemjua. Mwana wa mkulima wa Mbeere au Tigania, asiye na mjomba katika ofisi yoyote ya Nairobi, atajulikana vipi? Meru iko zaidi ya kilomita 200 kutoka jiji hilo, na nauli ya kwenda kubisha milango ya watu si ya kuokota. Kwa kijana kama huyo, maandishi yake ndiyo yatakayotangulia mbele na kumbishia hodi.

Najua watakaonijibu kwa methali: chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Watasema kwamba kijana mwenye adabu hufanya kazi yake kimya, na kujianika hadharani ni majivuno. Methali hiyo ina hekima yake, lakini chema hujiuza pale tu kinapoonekana. Embe tamu lililofichwa ghalani halina mnunuzi. Isitoshe, kuna tofauti kubwa baina ya kujisifu na kueleza. Anayejisifu husema, "Mimi ni hodari." Anayeeleza husema, "Hivi ndivyo mashine hii inavyofanya kazi, na hapa ndipo inapoharibika." Huyu wa pili hahitaji kujisifu, kwa kuwa msomaji mwenyewe atamsifu.

Mifano ya nguvu ya maandishi ya aina hii tunayo papa hapa nchini. Januari 2008, ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 zilipopamba moto, wakili Ory Okolloh alitumia blogu yake, Kenyan Pundit, kuwaomba wenye ujuzi wa kompyuta wasaidie kuweka katika ramani habari za matukio ya ghasia. Miongoni mwa walioitikia mwito walikuwa Erik Hersman na Juliana Rotich, ambao nao walikuwa na blogu zao, pamoja na David Kobia, mtaalamu wa programu. Hapo ndipo ilipozaliwa Ushahidi, programu ya Kikenya ambayo mwaka 2010 ilitumika hata katika kuwasaidia waathiriwa wa tetemeko la ardhi la Haiti. Watu hao hawakukutanishwa na shangazi wala mjomba. Walikutanishwa na maandishi.

Atauliza mtu: hao walikuwa wataalamu, je, mwanagenzi wa Embu ataandika nini? Ana mengi! Aliye katika kiwanda cha kahawa anaweza kueleza kwa nini matunda hutiwa majini, yale mazito yakazama na mepesi yakaelea. Na kwa nini mkulima aliyechanganya matunda mabichi na mekundu hupunguza thamani ya jasho lake. Aliye katika karakana anaweza kueleza makosa ambayo wenye pikipiki huyarudia kila wiki. Wenyeji wa kazi wameyazoea mambo hayo hata hawayaoni tena. Mwanagenzi ni mgeni, na wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone.

Faida yenyewe si ya kijana peke yake. Mei 2024, kaunti za Mombasa na Kilifi zilipopiga marufuku muguka, zao linalokuzwa Mbeere katika Kaunti ya Embu, nchi nzima iliingia katika mabishano. Sauti zilizovuma zilikuwa za wanasiasa na wafanyabiashara. Laiti wanagenzi wa kilimo na wa afya wangalikuwa wameandika kwa miaka kadhaa jinsi zao hilo linavyopandwa, familia ngapi katika vijiji walivyofanyia kazi hulitegemea, na madhara waliyoyaona kwa watumiaji, taifa lingalibishana likiwa na maarifa mkononi. Nao waandishi wa habari wangalijua ni nani wa kumpigia simu.

Hata hivyo, kalamu ni kisu chenye makali pande mbili. Mwanagenzi wa hospitali hana ruhusa ya kutaja jina la mgonjwa, kuonyesha picha yake wala kutoa maelezo yatakayomfanya atambulike. Hilo ni sharti la maadili ya kazi, na pia Sheria ya Kulinda Data ya 2019 humlinda mgonjwa huyo. Siri za biashara ya mwajiri nazo si zake kuzitangaza. Amwonyeshe msimamizi anachotaka kuchapisha, aombe idhini, na akikatazwa aandike juu ya ujuzi wenyewe bila kutaja mahali alipoupata.

Wala tusijifanye hatuoni hofu ya wazazi. Juni 2025, Albert Ojwang, mwalimu kijana aliyejulikana pia kwa kuandika mtandaoni, alifariki akiwa mikononi mwa polisi jijini Nairobi, na nchi ilighadhabika. Mzazi anayesikia neno blogu baada ya msiba huo ana haki ya kushtuka. Lakini kunyamaza kabisa si tiba. Kijana azoee kuandika lile aliloliona na kulithibitisha, nasi wakubwa tudai kwamba mwenye kuandika alindwe na sheria kama raia mwingine yeyote.

Ikumbukwe pia kwamba blogu si badala ya posho. Wanagenzi wengi hujilipia chumba, chakula na nauli, na hawapewi hata senti. Mwajiri asije akasema, "Tumekupa jina, nenda ukaandike." Kazi iliyofanywa yastahili malipo, na intaneti yenyewe hununuliwa kwa pesa. Ndiyo maana vyuo vina wajibu wa kufungua maabara zao za kompyuta kwa wanagenzi, hata siku za likizo.

Nanyi walimu, mzigo mkubwa ni wenu. Katika vyuo vya ufundi, mtaala wa umilisi tayari humtaka mwanafunzi kuweka jalada la ushahidi wa kazi zake. Kutoka jalada hilo hadi maandishi ya hadhara ni hatua fupi. Mhadhiri anaweza kuagiza kwamba sehemu ya alama za mafunzo ya nyanjani itokane na makala manne au matano yaliyosahihishwa na kuchapishwa. Mwalimu wa Kiswahili naye asikae kando akidhani haya ni ya watu wa kompyuta. Insha tunazofundisha darasani zitapata maisha iwapo mwanafunzi atajua kwamba mkulima wa Runyenjes au fundi wa Maua atazisoma na kuzielewa.

Tumewapa vijana hawa vyeti, tukawaambia waende wakajulikane. Cheti husema tu kwamba mtu alisoma. Anachokijua hasa ni lazima akidhihirishe mwenyewe, kwa jina lake, mahali ambapo hata asiyemjua ataweza kukisoma. Basi wanagenzi watakaofungua madaftari yao msimu ujao wasiyafunge tena kabatini, nasi walimu tuwe wasomaji wao wa kwanza.