UCHUMI WA NYUMBANI: Mgeni wa Tovuti Naye Ni Mgeni

Wahenga walisema kuwa kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hiyo yafaa sokoni, mahali ambapo mnunuzi huiona bidhaa kwa macho yake. Katika mtandao wa intaneti, kizuri kisichotangazwa hufichika kama mali iliyofungiwa ghalani.

Mji wa Kamembe, wilayani Rusizi, katika sehemu ambayo wengi wangali wakiiita Cyangugu, umeishi kwa kutegemea mpaka. Ng'ambo ya mto ni Bukavu, na wanunuzi huvuka kwa miguu. Mwezi Machi 2020 mipaka ilipofungwa kwa sababu ya ugonjwa wa Korona, mwenye duka aliyewategemea wavukao peke yao alikosa wanunuzi, na kodi ya chumba cha biashara haikungoja. Biashara yenye mlango mmoja ni sawa na lindo lenye njia moja: njia ikizibwa, hapana pa kutokea.

Jambo hili lazihusu sana familia za askari na polisi. Baba aweza kuhamishwa wakati wowote, au kupelekwa kikazi Afrika ya Kati au Msumbiji. Mama hubaki na watoto, pamoja na cherehani yake, duka la mchele wa Bugarama, au vyumba vitatu vya kulaza wageni. Tovuti ndogo yaweza kuwa mlango wa pili wa riziki hiyo, mradi itunzwe.

Kuwavuta wageni

Kwanza ni maneno. Mtu atafutaye malazi haandiki jina la nyumba asiyoijua, bali huandika haja yake. Kwa hiyo ukurasa uanzao kwa maneno "Karibuni kwenye huduma bora" haumsaidii mtu. Afadhali useme waziwazi: "Vyumba vya wageni Kamembe, kwa waendao Nyungwe na Cyamudongo." Msitu wa Nyungwe uliingizwa na UNESCO katika Urithi wa Dunia mwezi Septemba 2023, na msitu mdogo wa Cyamudongo, ulio wilayani Rusizi, una sokwe. Wageni wa mbali huyatafuta majina hayo.

Pili ni lugha. Kiswahili kilifanywa lugha rasmi ya Rwanda mwaka 2017, pamoja na Kinyarwanda, Kiingereza na Kifaransa. Mnunuzi wa Bukavu husoma Kiswahili na Kifaransa. Mtalii huenda akahitaji Kiingereza. Maelezo mafupi kwa kila lugha yatosha.

Tatu ni kujulikana. Kuiandikisha biashara katika ramani ya Google hakulipiwi. Anwani ya tovuti nayo iandikwe ukutani, katika stakabadhi na juu ya mifuko ya bidhaa.

Kuwafanya warudi

Mgeni aliyekwisha kuingia asicheleweshwe mlangoni. Wengi husoma kwa simu, nao huununua mtandao kidogo kidogo. Picha kumi za megabaiti 4 kila moja ni megabaiti 40. Zikipunguzwa hadi kilobaiti 200 kila moja, zote kumi ni megabaiti 2 tu. Mwenye tovuti nzito humtoza mgeni wake kiingilio bila ya kujua.

Bei, saa za kazi na nambari ya simu ya biashara viwekwe juu, visitafutwe. Bei ya zamani ni mbaya kuliko kutoiandika kabisa, kwa maana mnunuzi akifika na kukuta nyingine huona amedanganywa. Yafaa siku moja ya juma, kama Jumatatu, iwe ya kusahihisha: bei ya mchele, vitambaa vilivyofika, vyumba vilivyo wazi. Mgeni aliyeizoea siku hiyo atarudi mwenyewe. Anayeuliza ajibiwe siku ile ile, hata kama jibu ni kwamba bidhaa imekwisha.

Tena, jina la tovuti hulipiwa kila mwaka. Tarehe ya malipo iandikwe katika kalenda ya nyumbani, kwani jina lililoachwa laweza kuchukuliwa na mwingine, na wageni wa miaka mingi wakapotea kwa siku moja.

Tahadhari

Picha ya mume akiwa katika sare, jina la kikosi chake, mahali alipo au siku atakayorejea visiwekwe kamwe. Tovuti ya mama ni dirisha, na wapitao dirishani si wanunuzi peke yao. Nambari ya siri ya fedha za simu asipewe mtu yeyote ajitiaye kuwa mteja. Nambari za simu za wateja nazo zitunzwe, kwani tangu mwaka 2021 Rwanda ina sheria ya kulinda habari za watu binafsi.

Mwisho, kipimo cha tovuti si wingi wa waliochungulia. Daftari la kawaida latosha: kila mteja mpya aulizwe alikotoka habari, na jibu liandikwe. Baada ya miezi mitatu daftari litaonyesha kama mlango wa pili umefunguka kweli. Usipofunguka, maneno ya ukurasa wa kwanza ndiyo ya kutazamwa upya, kabla ya kutumia hata faranga moja zaidi.