Kopo la Mnunuzi

Mkulima auzaye mahindi yake kijijini amjua mnunuzi yule ajaye na kopo lake mwenyewe, ambalo kitako chake kimegongwa kwa ndani hata kikatokeza nje. Mkulima huhesabu makopo. Mnunuzi peke yake ajua kopo moja lachukua kiasi gani. Jambo la namna hiyo lilitokea Marekani, si kwa mahindi bali kwa malipo ya madaktari, nalo lastahili kuangaliwa na kila mtu atoaye mchango wa bima ya afya.

Huko zilikuwako bima nyingi zilizoahidi hivi: mgonjwa akitibiwa na daktari asiye na mapatano na kampuni, kampuni italipa sehemu, tuseme 80 kwa 100, ya «bei ya kawaida» ya mahali pale. Maneno mazuri. Lakini bei ya kawaida yajulikanaje? Kwa miaka mingi kampuni kubwa za bima ziliitafuta katika hesabu za kampuni iitwayo Ingenix; na mwenye Ingenix alikuwa UnitedHealth, mojawapo ya kampuni kubwa kabisa za bima nchini. Yaani mlipaji ndiye aliyetunza kipimo cha malipo. Daktari aliambiwa kwamba amedai kupita kiasi. Basi ama alimdai mgonjwa baki, ama alisamehe akapata hasara.

Mwaka 2000 chama cha madaktari wa Marekani kilipeleka shauri mahakamani. Mwaka 2008 Andrew Cuomo, aliyekuwa mwanasheria mkuu wa jimbo la New York, alianza uchunguzi. Ofisi yake ilitoa mfano huu: daktari adai dola 200, kampuni yasema bei ya kawaida ni dola 77, yalipa 80 kwa 100 ya hizo, ndizo dola 62, mgonjwa aachiwa dola 138. Tazameni vema: ahadi ya 80 kwa 100 haikuvunjwa. Hata mwalimu wa hesabu angetia alama ya sahihi. Kilichopungua ni ile 77, na hiyo mgonjwa hakuonyeshwa ilikotoka.

Januari 2009 UnitedHealth, pasipo kukiri kosa, ilikubali kutoa dola milioni 50 ili kiundwe chombo kisichotawaliwa na kampuni za bima, tena dola milioni 350 kumaliza shauri. Chombo hicho, FAIR Health, kilianzishwa mwaka ule ule; leo mtu yeyote aweza kuuliza humo bei ya matibabu ya mahali pake, bila kulipa.

Je, madaktari wote ni malaika? La, wako wadaio kwa ukali. Tangu 1 Januari 2022 sheria yakataza mgonjwa wa dharura kudaiwa baki lile. Daktari na kampuni wasipopatana, huenda mbele ya mwamuzi.

Nasi wa Kongo tulio katika mituele, tuulize katika mkutano: orodha ya bei iliyopatanwa na hospitali iko wapi? Aliiandika nani, na hospitali ilikuwapo? Dispanseri ikikatwa malipo, yaandikiwa sababu? Orodha hiyo yafaa ibandikwe mlangoni, kwa herufi ambazo mtoto wa darasa la nne aweza kumsomea nyanya yake.