Hoja Isiyojua Kucheza

Mwandishi mmoja ametuarifu kwamba santuri ya bendi kubwa, ikiisha kutengenezwa kwa ajili ya dansi, si jazi tena, maadamu achezaye hafikiri, na amchezeshaye hana budi kurahisisha kazi yake.

Yamkini hajapata kuisikia santuri iitwayo "Basie", ambayo kiongozi wa bendi Count Basie aliirekodi Oktoba 1957 kwa tungo za Neal Hefti, na ambayo katika tuzo za kwanza kabisa za Grammy, mwaka 1959, ilishinda mara mbili: katika fungu la makundi ya jazi, na katika fungu la bendi za dansi. Wala Basie hakuona haya, kwani baadaye alitoa "Dance Along with Basie", ambayo jina lake lenyewe ni mwaliko wa ukumbini.

Ama dai la kurahisisha, hilo ni dhaifu kupita yote. Wimbo "Li'l Darlin'", uliomo katika santuri hiyo ya "Basie", Hefti aliukusudia uende mbio zaidi. Basie akaurudisha nyuma hata ukawa wa polepole mno, mwendo ambao wapiga tarumbeta na saksafoni hulazimika kuchelewa kwa pamoja pasipo hata mmoja wao kuburura, ilhali gitaa la Freddie Green likishika mapigo manne bila kuomba sifa. Anayeliita jambo hilo jepesi na akusanye wenziwe, ajaribu.

Na kufikiri? Katika ukumbi wa dansi wa Savoy, Harlem, ambako Januari 1938 bendi ya Basie ilishindanishwa na ile ya Chick Webb, wachezaji hawakuhitaji kiti wala kalamu ili waitambue bendi iliyopwaya.