Udongo Uwahi Ungali Maji

Leo hatuna la kupamba. Tunataka kuzungumza juu ya zile karatasi wanazopewa watoto wetu katika madarasa ya Kiswahili ya Jumamosi hapa Uingereza, na tunasema wazi: tumezichoka.

Mnazijua. Kimechorwa twiga, au pundamlia, au pindo la kanga, mistari myeusi imekwisha kuwekwa, na fotokopi ni za kutosha darasa zima. Mtoto anapewa krayoni na kuambiwa, "Usitoke nje ya mstari." Baada ya nusu saa twiga wote wanafanana kama misumari ya dukani, wanabandikwa ukutani, wazazi tunapiga picha, na kamati inaandika kwenye ripoti kwamba watoto wamefundishwa sanaa. Sanaa gani hiyo, jamani? Mtoto hakuamua kitu, hakujaribu kitu, wala hakuna kilichomwendea kombo akakitafutia dawa.

Sisi tunaoandika haya ni watu wa uhandisi. Riziki yetu inatoka kwenye vyuma na zege, na huko tumejifunza kwamba anayekijua kitu kwa kukisoma tu, bila kukishika, ni mtu wa kuogopwa. Kila malighafi ina tabia yake na ukaidi wake. Umri wa kuanza kuzoeana nao ni miaka 6 au 7, mikono ikiwa bado haina woga.

Chukueni manjano ya jikoni. Koroga kijiko kimoja katika maji ya moto, uchuje, mtoto apake karatasi nyeupe na kuiacha ikauke. Kisha achovye brashi safi katika maji yenye soda ya kuokea, achore juu yake. Mstari utageuka mwekundu wa matofali mbele ya macho yake. Akidondoshea ndimu, unjano unarudi. Picha hiyo ikikaa kwenye dirisha la jua, rangi itapauka, naye atauliza kwa nini. Hapo amekwisha kuingia kwenye kemia bila kutishwa na jina lake.

Mpeni kipande cha mshumaa mweupe achore nacho, kisha apitishe rangi ya maji juu. Nta inayakataa maji, na mchoro unatokea. Batiki nzima imesimama juu ya jambo hilo moja.

Mpeni udongo atengeneze kikombe chenye mkono. Udongo hunywea unapokauka. Mkono ukiwa mwembamba na kikombe kinene, mkono utakauka kwanza, utanywea kwanza, na ufa utatokea pale kwenye maungio. Jumamosi inayofuata atakwaruza pande zote mbili, atapaka uji wa udongo, ataunganisha, kisha atafunika kwa plastiki ili kikauke polepole. Fundi anayemwagia maji zege jipya lisipasuke anapambana na adui huyo huyo.

Sasa tuje kwenye Kiswahili chenyewe, maana ndicho kilichotukusanya. Mtoto anayejaza rangi ndani ya mistari anahitaji maneno mangapi? Nyekundu, kijani, nimemaliza. Mwenye udongo mkononi anahitaji kukanda, kufinyanga, kulainisha, kukwaruza, kuunga, kunywea, kupasuka. Anayesuka ukili kwa vipande vya karatasi anahitaji pitisha, kunja, kaza, fumua. Watoto wetu wanajua majina ya wanyama wote wa Serengeti, lakini hawawezi kusema, "Kimepasuka kwa sababu kimekauka upande mmoja." Sentensi hiyo haitoki kwenye fotokopi ya twiga. Inatoka kinywani mwa mtu aliyeona ufa akataka kuueleza.

Na tuangalie wenzetu. Mtaala wa taifa wa Uingereza, unaotumika tangu Septemba 2014, unataka watoto wa miaka 7 hadi 11 wapate ustadi wa kuchora, kupaka rangi na kufinyanga, na unataja penseli, mkaa, rangi na udongo. Basi mtoto wetu siku za kazi anachafuka na kugundua mambo kwa Kiingereza, na Jumamosi anakaa kimya kwa Kiswahili. Mnadhani akifika miaka 12 ataipenda lugha ipi?

Tunajua majibu yatakayokuja. Kwanza, ukumbi utachafuka na amana itazuiwa. Turubai la plastiki na magazeti ya zamani yatalinda zulia, na wazazi wawili kwa zamu watasafisha. Pili, gharama. Manjano, soda, mishumaa na mkaa vimo majumbani mwetu, na udongo usiohitaji tanuri unauzwa madukani. Tatu, wapo wazazi ambao kwa imani yao hawapendi kuchora viumbe wenye roho. Tunawaheshimu, na tunawakumbusha kwamba mikeka, mitungi, nakshi za milango na mapambo ya kofia ni sanaa za pwani zisizohitaji kiumbe hata kimoja.

Nne, na hili ndilo linalotuudhi zaidi: "Sanaa haitamlisha mtoto, asome hesabu." Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960, alitumia mbao laini za dari na rangi ya baiskeli, vitu alivyoviona mbele yake. Alifariki mwaka 1972, lakini hadi leo wapo wanaolisha familia kwa mtindo unaoitwa kwa jina lake. Hata kama mtoto wako hatachora tena, kuna daktari wa upasuaji asiyehitaji vidole vyenye akili? Kuna fundi asiyehitaji kujua kitu kitavunjikia wapi?

Basi tunaomba yafuatayo kwenye mkutano mkuu ujao. Fedha za vitabu vya kujazia rangi zihamishiwe kwenye udongo, brashi na karatasi nzito isiyojikunja ikilowa. Kila Jumamosi saa moja iwe ya kujaribu, kwa Kiswahili kitupu. Bibi na mama zetu wanaojua kusuka ukili na kupaka hina waitwe kufundisha, wakae mbele kama walimu, maana hadi sasa tunawakumbuka wakati wa kupika pilau tu. Na ukutani vibandikwe pia vilivyopasuka, kila kimoja na maneno ya mtoto mwenyewe akieleza kilichotokea.

Wazee walisema udongo uwahi ungali maji. Watoto hawa hawatabaki na miaka 7. Mwenye hoja ya kutupinga aje nayo mkutanini, tutamsikiliza. Ila asije na fotokopi.